Harufu Haikutoka Kibera

Habari ya kifo chake niliipata Alhamisi asubuhi kwenye kikundi cha simu cha mtaa wetu, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la kukatika kwa maji na picha ya paka aliyepotea. "Yule mama wa kunusa magari pale Kabiro ametuacha," aliandika jirani mmoja, na papo hapo vikaanza kumiminika vile vikatuni vya viganja vilivyounganishwa kwa maombi, pamoja na maneno yale yale ya kila msiba: poleni familia, alikuwa mchapakazi, Mungu ailaze roho yake mahali pema. Nilisoma mpaka nikafika kwenye viganja vya mtu mmoja. Sitamtaja, maana safu hii haina desturi ya kutaja watu, lakini akiisoma atajijua kabla hajafika katikati. Viganja vyake vilinipandisha hasira, na ninyi mnaonisoma kila wiki mnajua kwamba mimi si mtu wa kuhitaji kuchokozwa sana. Niliilaza simu kifudifudi juu ya meza. Hasira yenyewe haikuwa ya kumwendea yeye peke yake.

Kwanza niwaeleze mama huyu alikuwa nani, kwa sababu wengi wenu mmepita pale Kabiro mara mia msimwone. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuondoa harufu mbaya inayotoka kwenye matundu ya hewa ya gari. Alizaliwa Magharibi, akaletwa Nairobi na ndoa, na mumewe ni seremala anayetengeneza vitanda kando ya reli kule Laini Saba, ndani ya Kibera. Walikaa huko huko Laini Saba, na kila siku ya kazi mama alitembea kwa miguu mpaka Kabiro, kule Kawangware, kwenye kiwanja cha kuoshea magari. Alianza na ndoo na kitambaa kama wenzake. Pale ndipo alipogundua jambo ambalo sisi wenye magari tunalijua na kujifanya hatulijui, kwamba gari linaweza kung'aa nje mpaka ukajiona sura, halafu ukiwasha feni likakupumulia uvundo usoni. Wenzake wakaendelea na sabuni. Yeye akaanza kuuliza uvundo unatoka wapi.

Alikuwa na taratibu zake na hakukubali zipinduliwe. Hakutia kitu mdomoni asubuhi, hata chai, kabla ya kunusa gari la kwanza, kwa sababu alidai pua ya mtu aliyeshiba haifanyi kazi. Alifunga vioo vyote, akaketi ndani peke yake, akawasha feni bila baridi, kisha na baridi, kisha na joto, na wewe mwenye gari ukasimama nje kama mtu anayengoja daktari atoke. Alipofungua mlango alikuwa na jibu. Ikinuka kama soksi zilizolowa, maji yamebaki kule ndani panapopoozwa hewa na ukungu umeota. Ikinuka uchachu, kuna maziwa yalimwagika na hukusema. Ikiwa na utamu fulani kama wa sharubati, maji ya rejeta yanavuja, na hapo alikurudisha kwa makanika bila kugusa kitu. Ikiwa ni uozo, kuna kiumbe kimekufa. Siku moja alikuja mfanyabiashara wa omena, wale dagaa wa ziwani, akiapa kwamba kiyoyozi chake kimeharibika. Mama alikaa ndani, akatoka akicheka. "Baba, hii si AC. Hii ni omena yako imeingia kwa kapeti. Na usione aibu, si ndiyo inakulisha?" Akamtolea kapeti, akaisugua, akaianika, na yule bwana akaondoka akicheka vilevile.

Mimi nilimfahamu kwa aibu yangu mwenyewe. Gari langu la mtumba lilikuwa limeanza kunuka, nami kama msomi yeyote wa Nairobi nikalitatua tatizo kwa kununua manukato. Nilitundika la kwanza kwenye kioo, la pili nikalibana kwenye tundu la hewa, la tatu nikaliweka chini ya kiti. Mke wangu akasema sasa gari linanuka kama choo cha hoteli. Nilipofika Kabiro mama aliyakusanya yote matatu na kunirudishia mkononi kabla hajasema lolote. "Mzee, hii umefunika tu. Kitu iko ndani bado iko ndani." Alifungua kile kisanduku kilicho mbele ya abiria, akakitoa chote, akapenyeza mkono nyuma yake na kuchomoa filta ambayo sikujua kama ipo. Ilikuwa nyeusi, imejaa majani makavu na vumbi la miaka. Kisha akalala chini ya gari akakizibua kile kimpira kinachotoa maji ya kiyoyozi nje. Kilikuwa kimezibwa na tope, kwa hiyo maji yalikuwa yakirudi ndani na kuoza. Akatia filta mpya, akapuliza dawa yake ndani, akasafisha majani yaliyojazana chini ya kioo cha mbele, pale hewa inapoingilia. Somo alilonipa siku ile ninalifuata hadi leo: "Ukikaribia kwako zima baridi, lakini wacha feni ipige mpaka ufike geti. Ndani ikauke. Ukizima yote mara moja, unalala na maji humo." Miaka ishirini na mitano nimeendesha magari, na hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia jambo hilo.

Sasa nije kwenye kisa kinachonichoma. Yule mwenye viganja ni jirani yangu wa gari jeupe, gari kubwa la kupanda juu kama unapanda ghorofa, na aliliacha siku moja pale kiwanjani lioshwe. Wiki moja baadaye matundu yake ya hewa yakaanza kutoa harufu ya mzoga. Hakuuliza mtu. Alichukua simu akaandika kwenye kikundi cha mtaa, mbele yetu sote: "Mjichunge na yule mama wa Kabiro. Nilimwachia gari siku moja tu, sasa AC inatoa harufu ya Kibera. Hawa watu wanabeba kwao wanaweka kwa magari yetu." Watu wakacheka kwa vile vikatuni vya kutoa machozi. Mmoja akashukuru kwa kuonywa mapema. Katika muda wa siku chache wateja wa mtaa wetu, ambao ndio walikuwa wengi wa wateja wake, wakahamia kwenye gereji moja yenye sakafu ya vigae na kahawa ya bure. Mama alibaki kwenye stuli yake kiwanjani akinusa gari moja kwa siku, na siku nyingine hata hilo moja halikuja. Na lililomuuma zaidi, aliniambia mwenyewe, halikuwa kukosa wateja. Ni kwamba alikuwa ameambiwa ananuka, mbele ya watu, na hakuwa mahali pale ajibu.

Gereji ya vigae ililipuliza manukato lile gari jeupe mara tatu, na mara tatu mzoga ukarudi. Mwishowe dereva wa yule jirani, kijana wa watu wa Kitui mwenye akili zake, alichoka kuendesha huku ametoa kichwa dirishani, akalileta Kabiro bila kumwuliza bosi wake. Nami nilikuwepo, nimeketi kwenye benchi nikingoja langu. Mama hakuwa amekula. Alikaa ndani vioo vikiwa vimefungwa, katika uvundo ule uliokuwa unatufikia sisi tuliokuwa nje, akahesabu pumzi zake, akatoka akatema mate pembeni. "Kuna mtu amekufa humo," alisema, na kwa mara ya kwanza sikumwona akicheka. Alifungua chini ya dashibodi upande wa abiria, akaitoa feni. Nyuma yake palikuwa na panya aliyekufa, na chini ya panya kiota.

Alitandaza gazeti chini, na sina hakika halikuwa na safu yangu, akakipanga kile kiota juu yake kipande kwa kipande kama mtu anayepanga nyanya sokoni. Maua ya jakaranda yaliyokauka, yale ya zambarau. Vipande vya sifongo iliyotafunwa kutoka kwenye mto wa kiti cha bustani. Na chembe za kahawia, za duara, nyingi, zenye umbo moja. Dereva aliziona akashika mdomo. "Hii ni ya mbwa zetu," alisema. "Gunia liko kwa gereji ya nyumbani, hapo gari inalala." Mama aliokota chembe moja akaiweka kwenye kiganja chake, akaitazama. "Kwetu Laini Saba mbwa hula ugali ikibaki, na haibaki. Jakaranda sijaona hata moja. Huyu panya ni wa kwenu. Alizaliwa kwenu, akakula kwenu, akafia kwa gari yenu." Wahenga walisema nyani haoni kundule, lakini hata nyani sidhani anaweza kulibandika kundu lake kwa mwenzake kisha akaonya msitu mzima.

Dereva alimpigia bosi wake na bosi akaja. Lazima niseme alikuja upesi. Aliangalia gazeti, akaangalia pembeni, akanitambua pale kwenye benchi na uso wake ukabadilika. Mama hakumpigia kelele wala kumtukana. Alimwambia jambo moja tu: "Boss, mahali uliandika, si uandike tena hapo hapo? Useme tu vile umeona." Jirani yangu akatabasamu lile tabasamu la watu wa mikutano. "Mama, hiyo ilishapita. Watu walishasahau. Kwani nani anakumbuka?" Akataka kumwachia bahasha juu ya malipo yake. Mama akaisukuma kwa kiwiko, maana mikono yake ilikuwa michafu. "Sitaki hiyo. Nataka uandike." Jirani akapanda ghorofa yake akaondoka. Hapo mama akanigeukia mimi. "Na wewe, mzee. Si uko kwa hiyo group? Na si wewe ndio kazi yako ni kuandika?"

Nikamwambia, "Nitaandika, mama. Leo leo."

Wasomaji wangu, sikuandika. Siku ile nilijiambia nitangoja hasira itulie. Kesho yake nikakumbuka kwamba jirani yule ndiye mwenyekiti wa kamati ya wakazi, na kwamba nilikuwa na ombi mbele ya kamati hiyo la kubomoa ukuta wangu wa nyuma na kujenga chumba cha vitabu. Wiki iliyofuata nikajiambia kwamba kweli watu wamesahau, na kulifufua jambo ni kumwaibisha mama zaidi. Tazameni jinsi mwoga anavyojifunza kusema lugha ya huruma. Nilikwenda Kabiro mara mbili baada ya hapo na mara zote mbili aliniuliza, kwa upole, kana kwamba anaulizia afya ya mgonjwa wangu: "Mzee, uliandika?" Nikasema bado kidogo. Mara ya tatu hakuuliza. Aliniambia tu "niaje mzee", akanusa gari, akasema liko sawa. Chumba cha vitabu kilijengwa. Ni ndani yake ninamoandikia haya.

Mtu mmoja ataniambia hili ni jambo dogo, ni panya na gari. Si dogo hata kidogo. Mji huu una tabia ya kukitafutia kila kitu kibaya anwani, na anwani yenyewe ni ile ile. Kikinuka, ni Kibera. Kikiibwa, ni Kawangware. Ugonjwa ukiingia, umetoka upande ule wa mabati. Wakati huohuo mikono inayofua mashuka yetu, inayopika chakula tunachokisifu mbele ya wageni, inayobeba watoto wetu wakiwa na homa, inatoka Laini Saba na Sarang'ombe na Kabiro kabla hatujaamka. Tunaiamini mikono hiyo midomoni mwa watoto wetu, lakini haiaminiki kwenye kiti cha gari. Na hao wa Laini Saba wanaposema mtaro umezibwa, kwamba maji machafu yanapita mlangoni, tunafanya kile nilichofanya mimi na manukato yangu matatu. Mgeni mkubwa akija, ukuta unaoonekana kutoka barabarani unapakwa rangi. Nyuma ya ukuta hakuna anayepeleka mkono, kwa sababu kupeleka mkono huko kunaweza kuchomoa kitu kilichotoka kwetu.

Halafu kuna suala la ujuzi. Katika gereji ya vigae kuna cheti kimetiwa fremu, na kijana aliyevaa ovaroli yenye nembo akapuliza manukato mara tatu bila kufungua hata skrubu moja. Huyo tunamwita mtaalamu. Mama aliyegundua tatizo kwa pua yake na njaa yake, aliyejua gari lenye ukungu na gari lenye maziwa na gari lenye mauti, tulimwita "yule mama wa kunusa". Hata tangazo la kifo chake lilimwita hivyo. Ninakasirika nikiandika, na sina nia ya kutulia. Mtu ameifanya kazi vizuri miaka yote hiyo, na sisi tuliofaidika nayo hatukuwahi hata kumwita fundi.

Jumamosi nilikwenda kutoa rambirambi. Chumba chao kiko hatua chache tu kutoka kwenye reli, na nje palikuwa na vitanda viwili visivyokamilika ambavyo waombolezaji walikuwa wamevikalia. Mumewe alinipokea kwa mikono miwili. Aliniambia ilikuwa presha. Alianguka akiteka maji, wakamkimbiza hospitali, hakuamka. Alinitafutia kiti, akaketi karibu nami, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayekuambia jambo zuri: "Wewe ndio yule mzee wa kuandika. Alikuwa anakutaja sana. Mimi nilikuwa namwambia wachana na hao watu, hawawezi andika. Yeye anasema, hapana, huyo ataandika, huyo alinipa neno. Akitoka kazi namuuliza, ameandika? Anasema bado, lakini ataandika."

Nilitoa simu pale pale, nikaandika kwenye kikundi cha mtaa kila nilichokiona: feni, panya, jakaranda, chakula cha mbwa, gazeti, alichoomba mama, na alichojibiwa. Niliandika pia kwamba mimi nilikuwepo na nikanyamaza. Sikuweka viganja. Haikupita dakika tatu mwenyekiti wetu akajibu: "Tumheshimu marehemu. Huu si wakati wake." Watu watano wakamuunga mkono. Wakati wake! Alipokuwa hai ulikuwa umeshapita, sasa amekufa bado haujafika. Mume wa mama aliniuliza nilikuwa nimeandika nini, nami nikamsomea yote, neno kwa neno, mbele ya wafiwa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza alinishukuru. "Ni nzuri, mzee," akasema. "Hata angefurahi. Sasa tu yeye ndio hayuko."

Nimeandika rambirambi nyingi katika safu hii na karibu zote zimemalizikia kwenye sifa za marehemu. Hii sitaimalizia huko, kwa sababu mama huyu hakuomba sifa. Aliomba sentensi moja, iandikwe na mtu aliyeona, mahali pale pale uongo ulipoandikwa, yeye akiwa bado anaweza kusimuliwa na jirani kwamba imesemwa. Ilikuwa kazi ya dakika mbili na mimi ndiye mwenye kalamu. Kama nawe unalo jina la mtu mikononi mwako, na unajua kwamba limechafuliwa, na ushahidi uliuona kwa macho yako, usingoje hasira itulie, usingoje kamati, usimwachie mwenye kosa aamue kama watu wamesahau. Aliyechafuliwa hajasahau. Anarudi nyumbani jioni, anaulizwa kama umeshasema, na anakutetea.